Mti Mkongwe: Ukatwe au Uachwe?

Wako watu hapa kwetu mwambao wauonao mti uliokufa kuwa ni kuni tu zilizosimama. Wako na wengine wasiothubutu kuugusa mbuyu hata ukiwaelemea, kwa kudhani una pepo. Sisi twaonelea kuwa wote wawili wameuhukumu mti kabla ya kuutazama.

Tuanze na manfaa. Mti ukizeeka, moyo wake huoza ukafanya mvungu. Humo hukaa nyuki, na popo, na bundi alaye panya wa mashamba. Hondohondo wa kike, katika jamii zao nyingi, huingia tunduni akaziba mlango kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kulishiwa na mumewe. Aangushaye mti wakati huo huangamiza mama na makinda pamoja.

Ama madhara, nayo ni makubwa. Tawi kavu la mwembe huweza kuanguka hata siku isiyo na upepo, na mbuyu uliooza ndani huporomoka ghafula.

Lakini zingatieni kuwa hatari si mti peke yake, bali ni mti pamoja na aliye chini yake. Mti mkavu ulio ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mbali na njia, humdhuru nani? Huo uachwe. Ukiwa kando ya chuo cha watoto, hukumu hugeuka. Kipimo ni urefu wake: kila kilicho ndani ya urefu huo, na zaidi kidogo, kimo hatarini, maana vipande huruka.

Basi utaratibu ni huu. Kwanza, lichunguzeni shina. Uyoga ulioota chini yake, ufa mpya, udongo ulioinuka penye mizizi, na mti ulioanza kuinama ni dalili mbaya. Mvungu peke yake si hoja, kwani shina lenye ukuta mnene na mzima laweza kusimama miaka mingi. Pili, ikiwezekana, hamisheni njia au baraza. Tatu, mwiteni fundi ajuaye apunguze matawi, libaki shina fupi lenye matundu. Nne, ikiwa hapana budi, ukatwe, na gogo lilazwe pembeni liwe makao ya wadudu na rutuba ya ardhi.

Hatari ikiweza kungoja, ngojeni makinda waruke. Isipoweza, roho ya mwanadamu hutangulia, wala hapana udhuru kwa mwenye mti aliyeziona dalili akanyamaza.