Kuzuia Injini ya Lori Kuukuu Isichemke Wakati wa Kaskazi

Mwenye lori kuukuu hulitazama kwa hofu katika miezi ya kaskazi, hasa lipandapo mlima na mzigo wa mbolea. Barabara ya Mombo mpaka Lushoto ni mfano mzuri. Lori huenda polepole kwa gia ya kwanza au ya pili, injini yafanya kazi kubwa, na upepo upitao katika rejeta ni haba. Tena huko juu, penye kimo cha karibu mita 1,400, maji yasiyofunikwa huchemka kwa joto la nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama pwani.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza maji tu. Lakini maji yapunguayo kila siku yana mahali yanapotokea, napo hapana budi patafutwe kabla ya kupakia. Asubuhi, injini ingali baridi, itazamwe mipira ya maji, na iliyopasuka ibadilishwe. Mkanda wa feni ukilegea, feni haizunguki vema. Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe, maana ndio uyabanao maji yasichemke mapema. Mpira wake ukilika, haufai tena.

Jambo lisahauliwalo mno ni uchafu. Makapi, mbegu za majani na wadudu huziba nafasi za rejeta, upepo usipite. Zioshwe kwa maji yatokayo upande wa injini kwenda mbele, pasipo nguvu nyingi, kwa kuwa mabati yake membamba hupinda upesi. Ndani nako, maji ya kisima yenye chokaa huacha ukoko kama ule wa birika la chai. Maji safi ya mvua pamoja na kulanti ni bora.

Injini ikichemka njiani, simama mahali salama, izime, utie jiwe nyuma ya gurudumu, ungoje. Usifungue mfuniko: maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso. Wala usiimwagie injini maji baridi, kwani chuma cha moto huweza kupasuka. Rejeta ikigusika bila kuchoma, fungua polepole kwa kitambaa kizito, uwashe injini, umimine maji kidogo kidogo. Lakini kwanza chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia humo. Usiwashe, lori livutwe.