SOMO: KUCHAGUA KAMERA ZA ULINZI KWA NYUMBA NA MASHAMBA YA VIJIJINI

Wapo watumishi na wananchi wanaoishi Chake Chake, Wete au mjini Unguja ambao nyumba zao za asili na mashamba yao yako mbali, na karafuu zilizokwisha kukauka zimewekwa ghalani chini ya uangalizi wa mtu mmoja. Wengine wao sasa wananunua kamera za ulinzi. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, vifaa vingi vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mjini yenye umeme wa uhakika na intaneti isiyo na kipimo. Anayevipeleka Micheweni au Makunduchi bila ya kupiga hesabu aghlabu hukuta hakuna picha siku ile aliyoihitaji.

Kwanza yafaa ifahamike kuwa kamera haimzuii mtu kwa mkono. Kazi yake kubwa ni kuonesha nani alipita, na saa ngapi. Kwa hivyo swali la mwanzo ni wapi mtu atapita, wala si kamera inaona mbali kiasi gani. Wauzaji hupenda kusifu kamera moja inayoona shamba zima, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha zao. Picha ya kamera ya kawaida ina vitone 1,920 kwa upana. Kamera hiyo ikielekezwa mahali penye upana wa mita 60, kila mita hupata vitone 32 tu, na uso wa mtu, ambao upana wake ni kama sentimita 16, huangukia vitone 5. Utaona kuwa mtu amepita, lakini hutajua ni nani. Kamera ile ile ikielekezwa kwenye njia, ikachukua upana wa mita 6, kila mita hupata vitone 320 na uso hupata kama 50. Kipimo kinachofuatwa Ulaya kwa kumtambua mtu asiyejulikana ni vitone 250 kwa kila mita.

Basi tafuta njia. Gunia la karafuu au ng'ombe halirushwi juu ya ukuta. Lazima lipitie mlango wa ghala, kipenyo cha uzio, au njia ya gari. Kamera mbili zilizowekwa hapo, kwa urefu usiozidi mita 3 hivi, zina faida kuliko sita zilizotundikwa juu ya minazi zikapiga picha za kofia.

Usiku kamera nyingi hutumia miale isiyoonekana kwa macho. Umbali unaoandikwa kwenye boksi ni wa kuona kivuli cha mtu, si sura yake. Tegemea nusu yake au pungufu. Taa hizo huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja mbele ya kioo unatosha kuifanya picha yote iwe nyeupe. Mtunza shamba apewe kitambaa laini na akumbushwe kufuta kila wiki.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa msomaji asiwe na haraka. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kipindi cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka Bara ulipokatika kwa miezi mitatu. Pemba nayo inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliozinduliwa mwaka 2010. Hata ukatikaji wa usiku mmoja unatosha kwa mwizi. Tuchukue kamera mbili za wati 5 kila moja na mashine ya kurekodi ya wati 10. Jumla ni wati 20, nazo kwa saa 24 ni wati-saa 480. Betri ya gari la maji, yaani ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zitabaki 600, sawa na saa 30. Kuijaza tena kwa jua la saa nne zenye nguvu, baada ya kutoa upotevu, kunahitaji paneli ya kama wati 200. Wakati wa masika mawingu hukaa siku kadhaa, kwa hivyo mwenye uwezo aweke betri mbili.

Pasipo na umeme kabisa, zipo kamera za betri ndogo zinazolala na kuamka pale zinapohisi joto la mwili. Hizo hazili umeme mwingi, ila huchelewa kuamka. Ziwekwe ubavuni mwa njia ili mtu akatize mbele yake, kwani huhisi vibaya anayezijia moja kwa moja.

Kuhusu kuhifadhi picha: kamera moja inayorekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kupeleka kiasi hicho mjini kwa bando la simu ni kujifilisi. Rekodi ibaki shambani, na simu ipokee onyo na picha chache tu. Diski ya gigabaiti 1,000 itahifadhi kamera mbili kwa siku 11 hivi, kisha huanza kufuta za zamani. Anayekwenda shamba mara moja kwa mwezi anunue diski kubwa zaidi, au achague kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo. Mashine yenyewe isiwekwe sebuleni karibu na televisheni, maana mwizi akiichukua, ameondoka na ushahidi wote.

Waya wa mtandao unaobeba picha na umeme pamoja una ukomo wa mita 100. Ghala likiwa mbali kuliko hapo, usikubali fundi aunge waya kwa mkono. Kunahitajika kifaa cha kuongeza nguvu katikati. Waya mrefu pia hualika radi, hivyo kinga ya radi na waya wa ardhi ni lazima. Karibu na bahari, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu ya kamera na mashine za kurekodi duniani kwa kujaribu maneno hayo tu.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu na makaazi yake. Kamera isielekezwe kwenye ua, kisima au choo cha jirani, na ni vyema jirani na Sheha wajulishwe kabla ya kufungwa.

Mwisho, saa ya mashine. Nyingi huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hivyo 02:00 ni saa nane za usiku. Umeme ukikatika muda mrefu saa hiyo huweza kurudi nyuma miaka mingi. Ikaguliwe kila mwezi. Unapokwenda kituo cha Polisi taja saa kwa namna zote mbili, na peleka nakala nzima ya rekodi bila ya kuikata, diski ya asili ukiiweka kando isiandikwe tena.