Ndugu wa Nyumba Moja, Njia Tofauti

Kaka ni fundi anayeaminika mtaani. Mdogo wake yuko mahabusu kwa wizi. Majirani hushangaa, maana wote wamelelewa na mama mmoja. Elimu ya jinai ina maelezo kadhaa, na kila moja linaonyesha mahali ambapo mzazi anaweza kuingilia kati.

Marafiki. Mmarekani Edwin Sutherland alifundisha tangu 1939 kwamba uhalifu hujifunzwa kutoka kwa watu wa karibu. Nguvu ya mafunzo hayo hutegemea umri mtu alipoanza kuyapata, mara ngapi, kwa muda gani, na anamthamini kiasi gani anayemfundisha. Ndugu wanaweza kulala chumba kimoja, kila mmoja akawa na kijiwe chake.

Mafungamano. Mwaka 1969 Travis Hirschi aliuliza kwa nini wengi wetu hatuvunji sheria. Alitaja mambo manne yanayotuzuia: mapenzi kwa wazazi na walimu, malengo tunayoogopa kuyapoteza, shughuli zinazojaza muda, na kuamini kwamba sheria inastahili kutiiwa. Anayeacha shule hupoteza mengi kati ya hayo kwa mkupuo, huku nduguye akibaki nayo.

Jina baya. Howard Becker, katika kitabu chake cha 1963, alionyesha jinsi jamii inavyomfungia milango iliyekwisha kumwita mkosaji. Ndugu wawili huiba maembe. Anayekamatwa ndiye anayeitwa mwizi, na huenda akaishia kwa wale tu wanaomkubali na jina hilo.

Ukubwani. Robert Sampson na John Laub walichambua kumbukumbu za vijana wakosaji 500 wa Boston. Mwaka 1993 walieleza kuwa kazi ya kudumu na ndoa yenye maelewano huwatoa watu kwenye uhalifu, hata walioanza vibaya utotoni.

La kufanya

- Wajue marafiki wa kila mtoto, hata wa yule mpole.
- Usiwalinganishe kwa maneno kama "mwone mwenzako".
- Akiacha shule, mtafutie mapema ufundi au kazi ya kumshughulisha.
- Akikosea, karipia kosa, usimbandike jina.
- Akitoka kifungoni, mpokeeni na mumsaidie kupata kazi.

Nadharia hizi hazitabiri hatima ya mtoto yeyote. Basi mzazi, usiseme "nimewalea sawa" ukaridhika. Mchunguze kila mmoja anahitaji nini.