Pampu ya Kujazia: Tazama Kemikali Kwanza, Bei Baadaye

Mashamba ya maua Naivasha, viwanda vya Nakuru na miradi ya maji hutumia kemikali zinazouzwa kwa mapipa ya lita 200 au matangi ya lita 1,000. Hatari huwa kubwa wakati wa kuzihamisha.

Asidi na klorini ya maji hula chuma. Chagua pampu na mipira ya plastiki inayostahimili kemikali husika. Spiriti hushika moto kwa cheche, hivyo tumia pampu iliyoundwa kwa vimiminika vinavyowaka na uunganishe vyombo kwa waya wa ardhi. Sabuni ya maji ijazwe kwa bomba linalofika chini ya chombo ili isitoe povu. Acha nafasi juu, kwani joto hutanua kimiminika.

Usinyonye kemikali kwa mdomo, wala usitumie pampu moja kwa asidi na klorini: zikikutana hutoa gesi ya sumu. Maji ya kuoshea pampu yasimwagwe mtaroni. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Sumu ikiingia haina pa kutokea.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi avidai kabla ya kushika pampu.