Mafunzo ya Ziada ya Hisabati na Fizikia: Tuanze na Kosa la Mwanafunzi

Mafunzo ya ziada, ambayo wengi huyaita tuisheni, yamekuwa jambo la kawaida katika miji yetu na hata vijijini. Mzazi ambaye mtoto wake amepata alama haba katika hisabati au fizikia hujinyima mengi ili amtafutie mwalimu wa jioni. Yafaa basi tujiulize mafunzo hayo humsaidia mwanafunzi kwa njia gani, maana yako mafunzo ya ziada ambayo ni marudio tu ya somo la asubuhi, yakitolewa kwa maneno yaleyale na kwa haraka ileile, mbele ya vijana 60 waliobanana katika chumba kimoja. Asiyeelewa asubuhi hana sababu ya kuelewa jioni, hali amechoka zaidi.

Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom, wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, alichapisha makala yaliyopata sifa kubwa. Humo alieleza majaribio ambamo wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja, au wawili watatu pamoja, walilinganishwa na wenzao wa darasa la kawaida la watu wapatao 30. Mwanafunzi wa wastani katika kundi la kwanza aliwapita wanafunzi wapatao 98 katika kila 100 wa darasa la kawaida. Uchunguzi wa baadaye haukuona faida kubwa kiasi hicho. Kurt VanLehn, alipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2011, alikuta faida isiyofikia nusu ya ile ya Bloom. Na hata hiyo si haba. Linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba wanafunzi wale hawakusukumwa kwenye sura mpya kabla ya kupimwa katika sura iliyotangulia na kusahihishwa makosa yao. Wingi wa saa haukuwa siri ya mafanikio hayo.

Hebu tutazame kosa moja kwa makini. Mwanafunzi wa kidato cha pili amepewa mlinganyo huu:

x/3 + x/4 = 14

Anaandika 2x/7 = 14, kisha x = 49. Mwalimu mwenye haraka atatia alama ya kosa na kuandika jibu sahihi ubaoni. Lakini kosa hili lina mantiki yake: kijana amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, kama alivyofanya pengine tangu shule ya msingi. Tatizo lake si aljebra hata kidogo, bali ni sehemu. Akifundishwa milinganyo mwezi mzima, bado atakosa.

Mwalimu wa mwanafunzi mmoja ana nafasi ya kuuliza: “Kwa kanuni yako hiyo, nusu chungwa na nusu chungwa ni kiasi gani?” Kijana atajumlisha: 1/2 + 1/2 = 2/4. Yaani nusu mbili zimekuwa nusu moja! Hapo hahitaji kuambiwa kwamba amekosea, kwa sababu ameona mwenyewe. Ndipo huelezwa kwamba vipande haviwezi kuhesabiwa pamoja mpaka viwe vya ukubwa mmoja. Theluthi na robo zote hugawika kuwa sehemu za kumi na mbili, hivyo:

4x/12 + 3x/12 = 14
7x = 168
x = 24

Na ahakikishe: 24/3 ni 8, 24/4 ni 6, jumla 14. Zoea la kuhakikisha jibu ni mali kubwa kuliko jibu lenyewe, kwani katika chumba cha mtihani hakuna mwalimu wa kumtilia alama.

Katika fizikia makosa huwa na mizizi mirefu zaidi, kwa kuwa mwanafunzi ameyaokota katika maisha yake ya kila siku. Aliyesukuma mkokoteni anajua kwamba ukiacha kusukuma, unasimama. Kwa hiyo anaamini kwamba kila kinachokwenda lazima kisukumwe wakati wote. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alisema kinyume: kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile na katika mstari ulionyoka, isipokuwa kani fulani ikibadili hali hiyo. Kumkaririsha kijana sheria hiyo hakufai kitu. Aulizwe: mkokoteni ukiachwa kwenye mchanga utakwenda mbali kiasi gani? Na kwenye lami? Na kwenye sakafu laini kuliko zote? Atafika mwenyewe kwenye msuguano, yaani ile kani aliyokuwa akishindana nayo bila kuijua.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania husoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Hata hivyo, kutafsiri peke yake hakutoshi. Dukani tunasema uzito wa sukari ni kilo 2. Mwanafizikia husema hiyo ni tungamo, na kwamba uzito wa sukari hiyo ni karibu nyutoni 20. Hamali aliyesimama na gunia kichwani anatokwa na jasho, lakini kwa maana ya fizikia hafanyi kazi yoyote juu ya gunia hilo, kwa kuwa halisogei. Asiyeelezwa waziwazi kwamba maneno haya yana maana mbili atadhani kwamba mwalimu anafanya mzaha.

Naye atanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika aliyegundua mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda upesi kuliko yaliyopoa, alichekwa alipouliza sababu. Makala yake na Denis Osborne yalichapishwa mwaka 1969, na wataalamu wangali wakibishana kuhusu jambo hilo.

Kuna ubaya mmoja usiofichika: mwalimu anayepunguza somo la asubuhi ili aliuze jioni kwa wanafunzi walewale. Kenya, katika sheria yake ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, ilipiga marufuku tuisheni ya wakati wa likizo. Kwa maoni yetu, njia iliyo ndani ya uwezo wa kila shule ni kuwaweka wanafunzi wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake namna alivyolipata jibu lake, naye mwalimu apite akisikiliza.

Wanaotaka kujaribu waanze na swali hili: mpira umerushwa juu wima, ukiwa kwenye kilele, pale unaposimama kabla ya kurudi, kuna kani gani juu yake? Wengi watajibu kwamba hakuna. Msiwasahihishe upesi. Waulizeni kwanza: kama hakuna kani, ni nini kinachouanzisha kurudi chini?