Mpangaji, Pango na Lango: Tatizo la Istilahi katika Kuunganisha Seva Moja na Wapangaji Wengi wa Wingu

1.0 Utangulizi

Kata ya Mchikichini na eneo jirani la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hutoa mifano miwili ya namna Kiswahili kinavyojipatia majina. Jina Mchikichini limeundwa kwa nomino mchikichi na kiambishi cha mahali -ni. Jina Kariakoo limetoholewa kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Njia hizo mbili ndizo zinazotumika pia katika istilahi za kompyuta. Maneno seva, data na programu yametoholewa. Wingu na lango ni maneno ya siku nyingi yaliyopanuliwa maana. Na kanzidata ni ambatani ya data na kanzi, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya hazina.

Makala hii inachunguza istilahi moja ya kundi la pili, yaani mpangaji, kama inavyotumika kuieleza taasisi iliyokodi nafasi katika mitambo ya wingu. Hoja inayotetewa ni kwamba neno hilo, likiachwa bila kuwekewa mipaka, huficha jambo ambalo fundi na mwenye data hawana budi kulijua: nani anakaa katika nyumba ya nani.

2.0 Dhana Inayohitaji Istilahi

Uchunguzi wa istilahi hauna budi kuanzia kwenye dhana. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba ghala moja la Mchikichini huuza bidhaa za makampuni matatu, na kumbukumbu zote za mauzo zimo katika kanzidata moja iliyo kwenye seva ya ghala hilo. Kila kampuni imekodi nafasi yake katika huduma ya uchanganuzi wa data iliyo katika wingu, na inataka kuona mauzo yake kila asubuhi.

Katika huduma ya Power BI ya kampuni ya Microsoft, kiungo kati ya seva ya namna hiyo na wingu ni programu iitwayo lango. Lango husimikwa kwenye kompyuta iliyo karibu na seva, na husajiliwa kwa akaunti ya taasisi moja. Tangu hapo lango hilo huwa la nafasi ya taasisi hiyo peke yake. Aidha, kompyuta moja haisimikwi malango mawili ya aina ya kawaida. Kwa hiyo makampuni matatu huhitaji malango matatu kwenye kompyuta tatu, ziwe halisi au za kuigizwa na programu. Seva inabaki moja, kwani hakuna kinachoizuia kujibu maswali ya malango kadhaa.

Jambo la pili ni mwelekeo wa mawasiliano. Neno lango humfanya msikilizaji afikirie mgeni abishaye hodi kutoka nje. Katika utendaji, programu hii ndiyo inayoanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje. Hupokea ombi lililowekwa katika wingu, huipelekea seva swali, kisha hurudisha jibu. Kwa kazi yake, inamkaribia zaidi tarishi wa ofisi kuliko lango la boma. Hata hivyo, istilahi lango imekwisha kuzoeleka na haina madhara iwapo fasili yake itautaja mwelekeo huo.

3.0 Uchambuzi wa Istilahi Mpangaji

3.1 Tatizo la umbo

Kitenzi panga kina maana mbili zinazohusika hapa: kukodi mahali pa kukaa, na kuweka vitu katika utaratibu. Nomino mpangaji hutokana na maana zote mbili. Iwe maana hizo zinahesabiwa kuwa za homonimu au za neno moja lenye maana nyingi, athari yake ni ile ile. Kwa kawaida muktadha huondoa utata, kwa sababu maana mbili huishi katika vikoa viwili tofauti. Hapa sivyo. Kupanga data ni kazi ya kila siku ya kanzidata, na sentensi "mpangaji amesoma data" yaweza kumaanisha taasisi iliyokodi nafasi au programu inayoweka rekodi katika mfuatano. Utata unaozaliwa ndani ya kikoa kimoja ni mbaya kuliko ule wa vikoa viwili.

3.2 Tatizo la ngeli

Katika lugha ya mafundi, istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa kwa mpangaji hutaja mara taasisi iliyokodi, mara nafasi yenyewe iliyokodiwa. Kiingereza hakilazimiki kuchagua. Kiswahili hulazimika, kwa sababu mpangaji ni nomino ya ngeli ya 1/2 na upatanisho wake ni wa viumbe hai. Hivyo, fundi anayesema "data imo ndani ya mpangaji" hutamka sentensi ambayo sikio la Mswahili haliipokei, na anayesema "ametengeneza wapangaji wawili" hueleweka visivyo. Dhana ni mbili na zinahitaji maneno mawili.

3.3 Tatizo la tajriba

Kwa mkazi wa Mchikichini, mpangaji ana sura mahususi. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua wa nyuma ambamo bomba na choo hutumiwa na wote. Mwenye nyumba mara nyingi hukaa humo humo. Mpangaji, basi, ni mtu aishiye ndani ya nyumba ya mwingine na kushiriki naye uani.

Picha hiyo inafaa sana kuelezea wingu, ambamo taasisi nyingi hukaa katika mitambo ya mmiliki mmoja, kila moja na chumba chake. Haifai kuelezea seva ya ghala. Makampuni matatu si wapangaji wa seva. Ni wapangaji wa wingu, nyumba ambayo mwenye ghala haimiliki. Anayewaita wapangaji wa seva huelekea kuwapa vyumba ndani ya kanzidata yake na kuiona kanzidata nzima kuwa ua wa wote.

4.0 Athari za Kukosea

Kosa hilo huvuka mipaka ya lugha. Data yaweza kuchujwa mahali pawili. Ikiwa rekodi zote hunakiliwa kwenda katika wingu na kuchujwa huko, basi rekodi za kampuni ya pili zimekwisha kuingia katika nafasi ya kampuni ya kwanza, hata kama wasomaji wa ripoti hawazioni. Njia salama ni kuchuja kwenye seva yenyewe: kila lango lipewe akaunti yake ya kusoma tu, na akaunti hiyo ifikie rekodi za kampuni husika pekee.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hutofautisha mkusanyaji na mchakataji wa taarifa, na huweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Iwapo kumbukumbu za ghala zina majina na simu za wanunuzi, mwenye ghala anapaswa kujua kwamba zinatoka katika himaya yake. Neno linalomfanya aamini kuwa wapangaji wamekuja kwake, ilhali taarifa zake ndizo zinazosafiri kwenda kwao, humpotosha katika jambo ambalo atatakiwa kulijibia.

5.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, mpangaji itumike kwa taasisi tu, na katika matini za kitaalamu iandikwe kwa ukamilifu, mpangaji wa wingu, ili itengwe na maana ya kuweka katika utaratibu. Pili, nafasi iliyokodiwa iitwe pango. Neno hili tayari limo katika mkataba wa pango na kodi ya pango, lina upatanisho wa ngeli ya 5/6, na huruhusu sentensi kama "data ya pango hili haionekani katika pango lile." Yaweza kudaiwa kwamba wingi wake, mapango, hukumbusha mapango ya Amboni, Tanga. Dai hilo halina uzito, kwa kuwa pango la mwambani halimo katika kikoa cha kompyuta. Tatu, istilahi mpangaji wa seva iepukwe.

Kwa istilahi hizi, kanuni nzima huelezeka kwa sentensi moja ambayo fundi wa Mchikichini aweza kuifuata: seva moja yaweza kuhudumia mapango mengi, mradi kila pango liwe na lango lake, na kila lango lipewe kusoma haki yake tu. Ubora wa istilahi hupimwa kwa uwezo wake wa kumwelekeza mtumiaji kwenye tendo sahihi. Kwa kipimo hicho, pango na mpangaji wa wingu zinastahili kufikiriwa na vyombo vya usanifishaji.