Ndugu Mkubwa wa Kiboko

1. Katika uwanja wa shule

Siku moja mwalimu wa shule moja ya Bunia aliwatoa watoto nje, akachomeka kijiti chini, karibu na mwembe. Kisha akapiga hatua kubwa kumi na tano, akachomeka kijiti cha pili.

"Simameni kati ya vijiti hivi, mmoja nyuma ya mwenzake," akasema.

Watoto thelathini wakajipanga, wakajaza nafasi yote.

"Basi, ninyi nyote pamoja ni urefu wa mnyama mmoja tu. Jina lake ni nyangumi. Uzito wake waweza kufika tani 30, yaani sawa na viboko 20."

Mtoto mmoja akasema, "Bwana mwalimu, mimi ninamjua. Ndiye aliyemmeza Yona."

"Kitabu Kitakatifu kinasema samaki mkubwa," akajibu mwalimu. "Nyangumi si samaki. Na huyu ninayewaeleza leo, koo lake ni jembamba, hawezi kummeza mtu."

"Kama si samaki, ni nini?"

"Ni ndugu wa kiboko."

Watoto wote walicheka, lakini mwalimu hakucheka. Akawakalisha kivulini, akaanza kuwaeleza.

2. Mnyama anayekaa majini

Watoto wengi wa Bunia wana ndugu zao kule Kasenyi, penye Ziwa Albert, na wengine wamepata kuwaona viboko. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, lakini hawezi kupumua ndani ya maji. Akizama, baada ya dakika chache lazima atoe pua nje, apulize na kuvuta hewa.

Nyangumi naye ni vivyo hivyo. Pua yake iko juu ya kichwa. Anapopuliza, mvuke hupanda juu mita tatu au zaidi. Damu yake ni ya moto kama ya ng'ombe. Hatagi mayai kama samaki, bali huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha baharini. Kiboko pia humnyonyesha mtoto wake ndani ya maji.

Wenye elimu waliuchunguza mwili wa nyangumi na wa wanyama wengine. Waliona kwamba katika wanyama wote wenye miguu walioko duniani leo, hakuna aliye ndugu wa nyangumi wa karibu kuliko kiboko. Zamani sana, mamilioni ya miaka yaliyopita, walikuwa na babu mmoja.

Lakini nyangumi haonekani Kasenyi. Ziwa Albert ni refu, kilomita 160, lakini kina chake hakifiki mita 60, na maji yake si ya chumvi. Nyangumi anataka bahari. Mtoto wa Bunia akitaka kumwona, aweza kuvuka Uganda yote, apite Kenya mpaka pwani, afike Watamu.

3. Siku moja Watamu

Watamu ni mji mdogo wa wavuvi na wageni, kusini ya Malindi. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa saba mpaka mwezi wa kumi, nyangumi wenye nundu hupita mbele yake. Wanatoka katika bahari ya baridi kali, upande wa kusini kabisa wa dunia, inayoitwa Antaktika. Kule hula uduvi wengi sana na kunenepa. Kisha husafiri zaidi ya kilomita 6,000 kuja kuzaa katika maji ya moto. Safari hiyo ni zaidi ya mara tatu ya safari ya ndege kutoka Bunia mpaka Kinshasa, nao huogelea njia yote.

Asubuhi mashua ya mota hutoka pwani na wageni wake. Kwanza nahodha hutafuta mlango katika mwamba, mahali mawimbi yanapovunjika. Nje ya mwamba bahari ina kina, na mashua huanza kupanda na kushuka. Wengine hutapika. Kila mtu hutazama upande wake, kwa sababu hapo hakuna alama wala njia. Pengine saa mbili hupita, wala hakuna kinachoonekana ila maji na ndege.

Ghafula mmoja hupaza sauti, "Kule!" Mvuke mweupe umepanda juu. Halafu huonekana mgongo mweusi wenye nundu ndogo. Nyangumi akitaka kuzama chini sana, huinua mkia wake wote juu ya maji, mpana kama mabawa mawili. Chini ya mkia mna alama nyeusi na nyeupe, na hakuna nyangumi wawili wenye alama zilizo sawa, kama vile hakuna watu wawili wenye alama moja ya kidole. Kwa hiyo wataalamu hupiga picha za mikia na kuziweka. Mwaka mwingine nyangumi yule yule akirudi, humjua.

Nyangumi dume huimba. Wimbo wake hufuata mpango, na ukiisha huurudia tangu mwanzo. Wataalamu hushusha chombo majini ili wausikie.

Mara nyingine anayeonekana ni mama na mtoto wake. Mtoto huyo alipozaliwa alikuwa na urefu wa mita nne na uzito wa karibu tani moja. Hapo ndipo kazi ya nahodha inapopimwa. Wageni wamelipa fedha, wametoka mbali, wanataka kuona vizuri. "Nahodha, sogea kidogo!" wanasema. Nahodha mwema hakubali. Hupunguza mota, hukaa mbali, wala hapiti kati ya mama na mwanawe. Katika nchi nyingi sheria ni kutokaribia zaidi ya mita 100.

Sababu ni hii. Mama yule karibu hali kitu tangu alipoondoka Antaktika. Anaishi kwa mafuta ya mwili wake, na maziwa ya mtoto hutoka katika mafuta hayo hayo. Akifukuzwa na mashua kumi kila siku, atayamaliza mafuta kwa kukimbia, na mtoto hatapata nguvu za kurudi naye kusini. Mtu anayewapenda nyangumi aweza kuwadhuru bila kutaka.

4. Wawindaji na watazamaji

Zamani watu hawakwenda baharini kumtazama nyangumi. Walikwenda kumwua. Walitaka mafuta yake ya kuwasha taa na kutengeneza sabuni. Walipopata meli za mota na mizinga ya kurusha mikuki, nyangumi hawakuwa na pa kukimbilia. Katika karne ya 20, upande wa kusini wa dunia peke yake, nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa. Walibaki wachache sana.

Mwaka 1963 ilikatazwa kuwawinda nyangumi hao upande wa kusini, ingawa wengine waliendelea kwa siri. Mwaka 1982 mataifa mengi yalipatana kuacha uwindaji wa biashara wa nyangumi wakubwa wote, na amri hiyo ilianza mwaka 1986. Nchi chache, kama Norwe na Japani, bado huwinda. Lakini nyangumi wenye nundu waliachwa, wakazaa, wakaongezeka tena.

Huku nyuma kazi mpya ilikuwa imeanza. Mwaka 1955, huko California katika Marekani, mvuvi mmoja aliwapeleka watu kutazama nyangumi kwa dola moja kila mtu. Leo kazi hiyo iko katika nchi nyingi, hata katika bahari za kaskazini kama za Norwe, ambako wageni huvaa makoti mazito mashuani. Nyangumi aliyeuawa huuzwa mara moja tu. Aliye hai huleta fedha kila mwaka, naye bado yupo.

Mtoto aliyemtaja Yona akauliza, "Bwana mwalimu, na kiboko je? Yeye ameachwa?"

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akajibu:

"Katika Ziwa Edward na mito yake, miaka ya 1970, walihesabiwa viboko zaidi ya 25,000. Watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Basi, kiboko hula majani usiku nchi kavu, na mchana huacha mavi yake majini. Mavi hayo ni mbolea. Hulisha mimea midogo ya majini na wadudu, na samaki hula hivyo. Viboko walipopotea, chakula cha samaki kilipungua, na wavuvi wa Vitshumbi waliona hasara katika nyavu zao. Maji ya ziwa hilo hushuka kwa mto Semliki mpaka Ziwa Albert letu. Nyangumi waliachwa, wakarudi. Kiboko naye akiachwa, aweza kurudi."

Kengele ikalia. Watoto walirudi darasani, lakini yule aliyeuliza alibaki nyuma. Alipiga hatua nne kutoka kijiti cha kwanza, akaweka jiwe. Huo ulikuwa urefu wa mtoto.

Maneno ya kueleza

Nundu: sehemu ya mgongo iliyoinuka, kama ya ng'ombe.
Uduvi: wanyama wadogo sana wa majini, jamii ya kamba.
Nahodha: mkubwa wa chombo cha majini.
Mwamba: jiwe kubwa, hapa ni lile lililo chini ya bahari karibu na pwani.

Maulizo

1. Kiboko na nyangumi wanafanana katika mambo gani? Taja matatu.
2. Kwa nini nyangumi husafiri kutoka Antaktika?
3. Wataalamu hutambuaje nyangumi mmoja na mwingine?
4. Wageni wakisema "Sogea kidogo", nahodha mwema hufanya nini, na kwa sababu gani?
5. Viboko wa Ziwa Edward walipouawa, wavuvi walipata hasara gani? Eleza ilivyokuja.

Kazi

Pimeni katika uwanja wa shule mita 15 na mita 4. Kisha pimeni mita 100, mtazame jinsi mwenzenu anavyoonekana akisimama kule.